Herufi tatu zinazoweza kumfilisi mwagizaji

MFANYABIASHARA wa vyombo vya nyumbani wa Mbagala anafungua kontena lake la futi 20 lililotoka Ningbo, China. Ndani anakuta maboksi yamelowa, mengine yameanza kuoza, na sahani zaidi ya robo zimevunjika. Anampigia simu muuzaji. Jibu ni fupi: mkataba ulikuwa CIF Dar es Salaam, kwa hiyo mzigo ulikuwa juu yako tangu ulipopakiwa melini Ningbo, zungumza na bima. Anazungumza na bima. Nako anaambiwa kuwa bima iliyokatwa ni ya kiwango cha chini kabisa, haihusu maji ya mvua wala vyombo vilivyovunjika kwa kugongwagongwa.

Kisa hicho ni cha mfano, lakini kila aliyekaa kwenye ofisi ya wakala wa forodha huko Kurasini anakitambua. Jambo la kusikitisha ni kwamba hakuna aliyemdanganya mfanyabiashara huyo. Yote aliyoambiwa yalikuwa yameandikwa kwenye ankara ya awali, yaani ile proforma aliyoikubali na kuilipia, katika herufi tatu alizodhani zinamaanisha "muuzaji ataufikisha mzigo Dar es Salaam".

Herufi hizo na wenzake ndizo somo la safari hii. Zinamhusu mwagizaji wa kontena zima, anayechangia kontena na wenzake, anayeagiza gari moja kutoka Japan, na hata mchonga vinyago wa Mwenge anayemuuzia mteja wa Ulaya.

ZILIKOTOKA

Zamani kila bandari ilikuwa na desturi yake. Neno FOB lilikuwa na maana moja London, nyingine Marseille, na nyingine New York. Mnunuzi na muuzaji wakigombana, kila mmoja alileta desturi ya kwao mbele ya hakimu. Mwaka 1936 Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara chenye makao yake Paris, kinachojulikana kwa herufi ICC, kilitoa orodha ya masharti ya kukabidhiana mizigo yenye tafsiri moja kwa wote. Orodha hiyo ndiyo Incoterms.

Tangu hapo imerekebishwa mara kadhaa ili iendane na mabadiliko ya usafirishaji. Toleo la 1990 lilikuwa na masharti 13, na la 2000 vivyo hivyo. Toleo la 2010 liliyapunguza hadi 11. Linalotumika sasa ni la 2020, lililoanza Januari 1 mwaka huo, nalo lina masharti 11.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Incoterms si sheria ya nchi. Hayamfungi mtu mpaka yaandikwe kwenye mkataba au ankara. Tena hayatoshi yakiandikwa nusunusu. Kuandika "FOB" peke yake ni sawa na kumwambia dereva wa teksi "nipeleke nyumbani" bila kumtajia mtaa. Inatakiwa iandikwe "FOB Ningbo, Incoterms 2020": sharti, mahali, na toleo. Mwaka nao una maana, kwa sababu matoleo ya zamani hayakufa. Wawili wakikubaliana kutumia la 2010, hilo ndilo litakalowafunga. Aidha, Wamarekani wamezoea kutumia neno FOB kwa maana pana zaidi, hata kwa mzigo unaokabidhiwa kiwandani. Anayenunua huko bila kutaja Incoterms anaweza kujikuta amekubali jambo jingine kabisa.

MASWALI MATATU

Kila sharti linajibu maswali makuu matatu. Kwanza, nani analipa gharama gani, na hadi wapi? Pili, mzigo ukiharibika au ukipotea njiani, hasara ni ya nani, na inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi mahali gani? Tatu, nani anashughulikia hati za forodha upande wa kutoka na upande wa kuingia?

Wengi huuliza swali la kwanza tu. La pili ndilo linaloumiza watu.

Njia rahisi ya kuyakumbuka masharti yote 11 ni kuyapanga kwa herufi ya kwanza, ambayo hutoa makundi manne.

Kundi la E lina sharti moja, EXW. Muuzaji anauweka mzigo tayari kiwandani au dukani kwake, basi. Kuupakia kwenye lori, kulipia hati za kutoka nchini, nauli na bima vyote ni vya mnunuzi.

Kundi la F lina matatu: FCA, FAS na FOB. Hapa muuzaji anamaliza hati za forodha za nchi yake na kuukabidhi mzigo kwa msafirishaji aliyechaguliwa na mnunuzi. Kwa FCA anaukabidhi mahali palipotajwa, iwe ghalani au kwenye yadi ya makontena. Kwa FAS anauweka ubavuni mwa meli. Kwa FOB anaupakia hadi uwe ndani ya meli. Nauli kuu inalipwa na mnunuzi.

Kundi la C lina manne: CFR, CIF, CPT na CIP. Muuzaji analipa nauli hadi mahali palipotajwa, na kwa CIF na CIP anakata na bima. CFR na CIF ni ya meli peke yake. CPT na CIP yanafaa kwa usafiri wowote.

Kundi la D lina matatu: DAP, DPU na DDP. Hapa muuzaji anaubeba mzigo pamoja na hatari zake mpaka mahali palipotajwa katika nchi ya mnunuzi. Kwa DPU anaushusha pia. Kwa DDP analipa hata ushuru na kodi za kuingiza.

Kwa hiyo mtu akitoka E kwenda D, mzigo wa muuzaji unaongezeka na wa mnunuzi unapungua. Bei nayo inapanda kwa mpangilio huohuo, kwani hakuna anayebeba jukumu la mwenzake bure.

MTEGO WA KUNDI LA C

Katika makundi ya E, F na D, mahali gharama zinapohama na mahali hatari inapohama hukaribiana. Kundi la C ni tofauti, na hapo ndipo mfanyabiashara wa Mbagala aliponasa.

Kwa CIF Dar es Salaam, muuzaji analipa nauli hadi Dar es Salaam. Lakini hatari inahama mapema zaidi, mzigo unapokuwa ndani ya meli kule Ningbo. Ukizama, ukiungua au ukilowa kuanzia hapo, hasara ni ya mnunuzi, ingawa nauli imelipwa na mwingine na meli imechaguliwa na mwingine. Mji unaotajwa baada ya herufi CIF ni mahali nauli inapoishia, si mahali muuzaji anapowajibika kuufikisha mzigo ukiwa salama.

Mtu anayetaka muuzaji awajibike hadi Dar es Salaam anatakiwa kununua kwa masharti ya kundi la D, kwa mfano "DAP Bandari ya Dar es Salaam, Incoterms 2020". Bei itakuwa juu kidogo. Tofauti hiyo ndiyo thamani ya usingizi wake.

Suala la wapi hasa hatari inahama limewahi kupelekwa mahakamani. Mwaka 1954 mahakama ya London iliamua kesi baina ya kampuni ya Pyrene na kampuni ya meli ya Scindia. Pyrene iliiuzia serikali ya India magari ya zimamoto kwa FOB London. Gari moja likiwa linanyanyuliwa kwa kreni ya meli lilianguka kabla halijavuka ukingo wa meli. Matengenezo yaligharimu pauni 966 na ushei. Kwa kuwa gari lilikuwa halijavuka ukingo, hasara ilibaki kwa muuzaji. Na alipoishitaki kampuni ya meli, alipata pauni 200 tu, kwa sababu huo ndio ulikuwa ukomo wa dhima ya mwenye meli.

Hadi toleo la 2000, mpaka wa hatari kwa FOB, CFR na CIF ulikuwa huo ukingo wa meli. Mzigo ukianguka upande wa gati ni wa muuzaji, ukianguka upande wa sitaha ni wa mnunuzi. Toleo la 2010 liliufuta mstari huo na kusema hatari inahama mzigo unapokuwa umewekwa ndani ya meli. Ni mabadiliko ya maana, lakini sehemu ya pili ya kesi ile haijabadilika: msafirishaji ana ukomo wa kulipa, na mara nyingi ukomo huo ni mdogo kuliko thamani ya mzigo. Asiye na bima ya kutosha asitegemee kuwa kampuni ya meli itamfidia yote.

HESABU YA BEI

Chukua mfano wa mwagizaji wa Tandika anayelinganisha bei za wauzaji wawili wa China kwa mzigo uleule. Wa kwanza anataka dola 18,800 kwa EXW Yiwu. Wa pili anataka dola 19,700 kwa FOB Ningbo. Harakaharaka wa kwanza anaonekana rahisi kwa dola 900.

Lakini mzigo wa wa kwanza bado uko kiwandani. Lori la kuupeleka bandarini, hati za kutoka China, na gharama za kuupakia vinaweza kufika, kwa mfano, dola 1,200. Bei yake halisi ikifikishwa kwenye FOB ni dola 20,000. Kumbe wa pili ndiye rahisi, kwa dola 300.

Bei zisizo na sharti moja hazilinganishwi. Ni kama kulinganisha gunia la mahindi la shambani na debe la unga wa dukani. Zifikishwe kwanza kwenye sharti moja, kisha zilinganishwe.

Endelea na mfano huo kwa mzigo wa dola 20,000 FOB:

FOB Ningbo: dola 20,000
Nauli ya meli: dola 3,000
CFR Dar es Salaam: dola 23,000
Bima: dola 200
CIF Dar es Salaam: dola 23,200

Bei hiyo ya mwisho ndiyo inayoangaliwa na forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka thamani ya mzigo unaokuja kwa meli ijumuishe nauli na bima hadi bandari ya kuingilia. Kwa hiyo anayenunua kwa EXW au FOB hatozwi ushuru kwa bei hiyo ndogo. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, itaongeza nauli na bima. Asipokuwa na risiti za nauli, makadirio ya ofisa ndiyo yatakayotumika.

Kama bidhaa inatozwa ushuru wa asilimia 25, ushuru ni dola 5,800. Ongeza kwenye CIF, unapata dola 29,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 juu ya kiasi hicho ni dola 5,220. Jumla ya ushuru na VAT ni dola 11,020, na mzigo umekwishafika dola 34,220 kabla ya tozo nyingine za serikali, bandari, kampuni ya meli na wakala. Mtu aliyeanza na bei ya dola 18,800 kichwani na kuwaahidi wateja wake bei kwa hesabu hiyo ameanza safari kwa hasara.

BIMA: CHINI KABISA AU YA KUTOSHA

Kwa CIF muuzaji anawajibika kukata bima ya asilimia 110 ya bei ya mkataba. Kwa mzigo wa dola 23,200 ni dola 25,520. Kiasi hicho kinaonekana kizuri. Tatizo ni kiwango cha bima.

Bima za mizigo ya baharini duniani hufuata zaidi masharti ya London yaliyogawanywa katika madaraja A, B na C. Daraja la A linahusu kila ajali isipokuwa zilizotajwa kuwa hazimo. Daraja la C linahusu maafa makubwa tu: moto, mlipuko, meli kuzama au kukwama, kugongana, lori kupinduka na mengine ya namna hiyo. Wizi haumo. Mvua haimo. Kuvunjika kwa sababu ya kutupwatupwa hakumo.

Kwa CIF, Incoterms 2020 yanamtaka muuzaji akate daraja la C tu, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa CIP anatakiwa kukata daraja la A. Tofauti ya herufi moja kwenye sharti inaleta tofauti kubwa siku ya kudai fidia.

Waagizaji wa magari yaliyotumika, ambao yadi zao zimejaa pembezoni mwa barabara za Kinondoni, wanalifahamu hilo kwa machungu. Gari limenunuliwa CIF Dar es Salaam. Linafika likiwa zima, lakini redio haipo, jeki haipo na tairi la akiba halipo. Kama bima ni ya daraja la C, hakuna cha kudai, kwa sababu wizi wa vifaa haumo.

Kuna jambo jingine. Sheria za bima za Tanzania zinataka mizigo inayoagizwa kutoka nje ikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imekuwa ikilisisitiza. Kenya nayo ilianza kulisimamia kwa nguvu Januari 2017. Kwa hiyo anayenunua kwa CIF anaweza kujikuta amelipia bima mara mbili: ya China iliyofichwa ndani ya bei, na ya hapa nyumbani.

Kwa mwagizaji mdogo njia ya busara ni kununua kwa CFR au FOB, kisha kukata bima ya daraja la A Dar es Salaam. Siku ya madai atakuwa anazungumza na ofisi ya mjini kwa Kiswahili, si kuandikiana barua na kampuni ya ng'ambo. Muhimu ni kwamba bima ikatwe kabla meli haijaondoka. Hakuna kampuni inayokatia bima nyumba ambayo tayari inaungua.

MELI IKIPATA AJALI, MZIGO UKAWA MZIMA

Wapo wanaosema vyombo vyao ni vya chuma, havivunjiki wala havilowi, bima ya nini? Jibu linapatikana kwenye desturi ya kale ya bahari inayoitwa hasara ya pamoja. Nahodha akilazimika kutoa mhanga sehemu ya mali au kuingia gharama ili kuiokoa meli na shehena yote, wenye mali wote huchangia, hata wale ambao mizigo yao haikuguswa.

Machi 6, 2018 meli ya Maersk Honam ilishika moto katika Bahari ya Arabu ikitoka Singapore kuelekea Suez, na mabaharia watano walipoteza maisha. Baada ya moto kuzimwa, wenye mizigo iliyosalimika walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani ya mzigo kwa ajili ya waokoaji, na asilimia 11.5 kwa ajili ya hasara ya pamoja. Jumla asilimia 54. Mwenye bima aliikabidhi kampuni yake jambo hilo. Asiye na bima ilimpasa atoe zaidi ya nusu ya thamani ya mzigo wake ndipo auchukue.

Meli ya Ever Given iliyoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita Machi 2021 nayo ilitangaziwa hasara ya pamoja, na makontena yake yakakaa Misri hadi Julai. Kwa CFR, CIF na FOB, mchango huo ni wa mnunuzi, kwani mzigo ukiwa baharini hatari imekwishahamia kwake. Hata bima ya daraja la C inalipia hasara ya pamoja. Ndiyo maana hata bima ya chini ni bora kuliko kutokuwa na bima kabisa.

GATI LA DAR ES SALAAM NA BANDARI KAVU

"Nauli imelipwa hadi Dar es Salaam" haina maana kwamba hakuna la kulipa Dar es Salaam. Kwa CFR na CIF, gharama za upande wa kufikia huwa za mnunuzi, isipokuwa zile ambazo mkataba wa nauli umeziweka kwa muuzaji: ushuru wa gati, gharama za kuhudumia kontena, hati ya kuruhusu mzigo utoke, hifadhi, na faini za kuchelewesha kontena la watu.

Kwenye bandari hii TICTS iliendesha kitengo cha makontena tangu mwaka 2000 hadi mwishoni mwa 2022. Mwaka 2024 kazi za gati zilikabidhiwa kwa DP World, gati namba 0 hadi 7, na kwa Tanzania East Africa Gateway Terminal, gati namba 8 hadi 11. Makontena mengi, hata hivyo, hayamalizii safari gatini. Yanapelekwa kwenye bandari kavu, nyingi zikiwa Temeke, na kila mahali pana bei zake.

Hapo ndipo penye hila ya CFR na CIF. Muuzaji ndiye anayechagua meli, naye hutafuta nauli nafuu kwake. Kampuni ya meli inaweza kumpunguzia nauli kule China na kufidia kwa gharama za juu huku, au kwa kutoa siku chache za bure za kukaa na kontena. Mnunuzi kwa FOB au FCA anachagua meli mwenyewe na kukubaliana siku za bure mapema. Lakini mwenye kontena moja kwa mwaka hana nguvu ya kupata nauli nzuri. Huyo CFR inaweza kumfaa, mradi aulize jina la kampuni ya meli, siku za bure na gharama za Dar es Salaam kabla ya kulipa.

Vilevile ipo hati ya ubora. Tangu mwaka 2012 Shirika la Viwango, TBS, lina utaratibu wa kukagua bidhaa nchini zinakotoka kabla hazijapakiwa. Kwa masharti ya E, F na C, ukaguzi unaotakiwa na nchi ya kuingiza ni wajibu wa mnunuzi, isipokuwa kama mmeandikiana vingine. Anayenyamaza akidhani muuzaji ataushughulikia hukuta mzigo umefika bila cheti, na siku za hifadhi zinahesabika.

"MPAKA MLANGONI" SI DDP

Wengi wa Kariakoo, Manzese na Tandika wanaochangia makontena hulipa kwa CBM au kwa kilo, bei ikiwa na kila kitu hadi ghala la Dar es Salaam. Wengine huita utaratibu huo DDP. Kwa maana ya Incoterms si DDP, kwa sababu aliyeuza bidhaa si yule anayesafirisha. Mnunuzi kwa kweli amenunua EXW au FCA kule China, kisha ameingia mkataba wa pili na msafirishaji. Mzigo ukipotea, muuzaji hayumo.

Kuna na suala la kodi. Hati za forodha za kontena hilo mara nyingi hutoka kwa jina na TIN ya msafirishaji. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT hawezi kudai kodi ya manunuzi kwa hati isiyo yake, na siku TRA ikiuliza bidhaa ziliingiaje nchini, risiti ya CBM peke yake haimlindi. Unafuu wa leo ni deni la kesho.

ANAYEUZA NJE

Masharti haya yanamhusu pia anayeuza. Mchonga vinyago wa Mwenge anayemuuzia mteja wa Ujerumani hupenda EXW kwa kuwa haina usumbufu. Lakini kwa EXW hati za kusafirisha nje ni za mnunuzi, na muuzaji anaweza kukosa ushahidi kwamba mali ilitoka nchini. Kwa mzigo wa ndege, sharti linalofaa ni "FCA Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere". FOB si ya ndege.

Muuzaji wa ufuta au korosho anayejaza kontena na kulikabidhi kwenye bandari kavu ya Kurasini hapaswi kuuza kwa FOB. Kontena likishaingia pale haliko mikononi mwake tena, lakini kwa FOB hatari bado ni yake hadi liingie melini, hata kama litakaa wiki mbili. Kwa FCA hatari inahama anapolikabidhi. ICC yenyewe inashauri hivyo kwa mizigo ya makontena. Zamani wauzaji waliiogopa FCA kwa sababu benki zinazolipa kwa LC hutaka hati ya shehena yenye maneno kuwa mzigo umepakiwa melini. Toleo la 2020 limelitatua: pande mbili zinaweza kukubaliana kwamba mnunuzi amwagize msafirishaji ampe muuzaji hati ya namna hiyo baada ya kupakia.

Naye mfanyabiashara wa Temeke anayemuuzia mteja wa Lubumbashi ajihadhari na DAP Lubumbashi. Kwa sharti hilo, foleni ya malori Tunduma, ajali ya njiani na wizi vyote ni vyake. Kwa CPT Lubumbashi analipa nauli ileile, lakini hatari inamtoka anapomkabidhi mwenye lori mzigo Dar es Salaam.

YASIYOMO

Incoterms hayasemi umiliki wa mali unahama lini, malipo yafanyike lini, wala nini kifanyike bidhaa zikiwa mbovu tangu kiwandani. Hayo yanatakiwa kuandikwa peke yake. Yasipoandikwa, sheria ndiyo itakayoamua. Kwa Tanzania ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kawaida yake ni kwamba hatari inafuata umiliki isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine.

Kabla ya kutuma fedha, mfanyabiashara ajiulize haya. Sharti limeandikwa kamili, pamoja na mahali na toleo la 2020? Hatari inahama wapi? Bima ni ya daraja gani, na imekatwa kabla ya meli kuondoka? Nani analipa gharama za gatini, na siku za bure ni ngapi? Nani anashughulikia ukaguzi wa ubora? Hati zitatoka kwa jina la nani?

Na mzigo ukifika na kasoro, asitie saini kwamba umepokelewa salama. Aandike kasoro kwenye hati ya makabidhiano, apige picha kabla ya kushusha, amwite mkaguzi wa bima, na aiandikie kampuni ya meli. Hati nyingi za shehena hufuata Kanuni za Hague, zinazotaka taarifa ya uharibifu usioonekana kwa nje itolewe ndani ya siku 3, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1.

Mfanyabiashara wa Mbagala angeandika "CFR Dar es Salaam, Incoterms 2020" na kujikatia bima ya daraja la A hapa nyumbani, angekuwa na mtu wa kumdai. Pengine ingemgharimu dola mia moja au mbili zaidi, na kama nusu saa ya kuisoma proforma kabla ya kwenda benki.